Mto wa Kitanda Namba Tisa

Jumapili, tarehe 14 Juni

Kwako Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Kabla sijauliza hali yako naomba niweke ahadi hapa juu, mahali ambapo sitaweza kujifanya sikuiandika: katika barua hii nitakueleza yote. Sitaruka wala kupamba, na nikifika mahali mkono unapokataa nitapumzika kidogo kisha niendelee. Nimekaa kwenye meza ya kulia. Mama amekwenda kumwona jirani aliyejifungua, na Baba amelala kitini na redio juu ya tumbo, inapanda na kushuka. Nina karatasi nane na kalamu mbili.

U hali gani, Shangazi? Mgongo umetulia, au bado unaamka ukishikilia ukuta? Bibi naye anaendeleaje? Je, amekubali kuvaa miwani, au bado anasema wenye miwani ndio wasioona? Mwambie namsalimu sana, na kwamba ile sweta aliyonifumia sasa inanibana mabegani, lakini sijaigawa. Sisi huku ni wazima. Kikohozi cha Baba kimekwisha, ila hurudi kidogo akiona vyombo vinataka kuoshwa. Mama amenunua cherehani ya pili na nyumba imejaa vipande vya nyuzi, tunavitoa mpaka kwenye chai. Mimi niko kidato cha pili. Muhula uliopita nilikuwa wa nne darasani. Habari za Hisabati naomba usiniulize.

Sasa nianze. Tangu mwezi wa tatu, kila Jumamosi asubuhi shule yetu hupeleka wasichana sita hospitalini kusaidia kazi ndogondogo. Tunakunja mashuka, tunavisha mito foronya, tunawasomea barua wagonjwa ambao macho yao yamechoka. Mwalimu wa zamu alipouliza nani anataka kwenda wodi gani, mimi niliinua mkono kabla hajamaliza, nikaomba wodi ya wanawake ya upasuaji. Akaniuliza kwa nini. Nikasema naijua njia.

Na kweli naijua, Shangazi. Miguu yangu ilinipeleka yenyewe. Lango la nyuma, upande wa kufulia. Ule mteremko wa saruji ambao matoroli huteremka yakilia. Mlango wa bembea ambao lazima uusukume kwa kiwiko, si kwa kiganja, kwa sababu wewe ulikuwa ukisema viganja vya watu vimeshapita hapo vingi mno. Nilisukuma kwa kiwiko. Halafu ile harufu ikanipiga, sabuni kwanza, dawa nyuma yake, na machozi yakanitoka kabla sijajua nalia. Wenzangu walidhani ni dawa. Nikawaacha wadhani hivyo.

Kuta wamezipaka rangi ya maziwa, lakini chini ya dirisha la mwisho bado kuna mkwaruzo wa kile kitanda kilichogoma breki. Chumba cha mashuka ni kilekile, rafu mpaka dari, na ile stuli ya miguu mitatu ambapo nilikuwa nafanyia kazi zangu za nyumbani nikikusubiri umalize zamu. Nilikuwa nafika saa nane, na mkoba mgongoni. Ulikuwa unanichungulia mlangoni na aproni yako, na glavu umezinyoosha juu kama daktari wa kwenye picha, unaniuliza leo shule wamekufundisha nini cha maana. Nikishakujibu unasema haya, sasa njoo ujifunze kingine, lakini simama kwenye mstari wa vigae na usiguse kitu.

Nilisimama kwenye ule mstari karibu mwaka mzima, na yote niliyoyaona ninayo. Ngoja nikuandikie, ili ujue sikusahau. Mgonjwa akishatoka, kwanza unafungua madirisha. Unakunja mashuka kwa ndani, kama mtu anayefunga siri, bila kuyakung'uta. Kisha unakisemesha kitanda kama mtoto anayekataa kuoga. "Haya bwana, mgeni wako kaondoka, vua nguo tuoge." Sabuni kutoka ndoo ya bluu, kuanzia kichwani kwenda miguuni, kuanzia juu kwenda chini, na kitambaa umekikunja mara tatu kipate nyuso nane, kila uso unafuta mara moja tu kisha unageuzwa. Ulikuwa ukifika kwenye vyuma vya pembeni, upande wa chini ambako mgonjwa hushika akijiinua lakini hakuna anayepaona, unasema hapo ni nyuma ya masikio. Ukifika kwenye magurudumu unasema hapo ni katikati ya vidole. Nywele zilizojiviringisha kule chini ulizitoa kwa kibano, moja moja, na ukanionyesha siku moja nywele za rangi tatu, ukasema hawa watu hawakuwahi kuonana lakini wamelala pamoja.

Baada ya sabuni, dawa ya ndoo nyekundu. Na baada ya dawa, dakika kumi za kutogusa. Hapo ndipo nilipokupenda zaidi. Wengine walikuwa wanapaka na kufuta papo hapo, wewe ulikuwa unaegemea dirisha, mikono kifuani, unatazama saa ya ukutani na kitanda kikiwa kimelowa. Ulisema dawa nayo ni mfanyakazi, iachwe ifanye kazi yake, isiharakishwe. Katika dakika hizo ulinisimulia habari za Baba alipokuwa mdogo, jinsi alivyoogopa kuku. Zikiisha, maji safi ya mwisho, kwa sababu dawa ikibaki hula chuma. Na godoro nisilisahau, maana hilo ulilikagua kabla ya dawa. Unalibonyeza kwa viganja viwili, inchi kwa inchi, ukitafuta tundu kwenye ngozi yake ya plastiki. Ukilipata unalizungushia duara kwa kalamu ya wino mweusi, na godoro hilo halilaliwi tena na mtu, kwa sababu uchafu umeshaingia ndani ambako hakuna kitambaa kinachofika.

Halafu ule mto. Mto uliolala maana yake kitanda bado. Mto uliosimamishwa wima kwa ubavu maana yake kitanda ni safi, kimekauka, mlete mgonjwa. Masista walikuwa hawaulizi neno; walichungulia mlangoni, wakatazama mito.

Desturi hiyo bado ipo. Na bado yupo Mama Ndoo, aliyekuwa mwenzako wa zamu, na ndoo zake mbili ambazo hakuna ruhusa ya kuzigusa hata kwa macho. Amenenepa kidogo, lakini ukimwambia anasema si yeye, ni aproni. Siku ya kwanza hakunitambua. Siku ya pili alinitazama mguu mpaka kichwa akasema huyu kimo ni cha baba yake lakini miguu ya kusimama kama korongo ni ya shangazi yake. Toka hapo hanipi nafasi ya kupumua. Akiniona nakunja shuka vibaya ananiuliza kama nyumbani huwa tunalalia magazeti.

Jumamosi ya wiki iliyopita ndipo mambo yalipoanza. Tulikuwa wawili chumba cha mashuka, mimi navisha mito, yeye anahesabu foronya. Alianza kulalamika habari za wafanyakazi wapya. Alisema hawangoji dakika kumi, hawajui nyuma ya masikio wala katikati ya vidole, na kwamba Metroni amesema waziwazi katika kikao kwamba tangu wewe uondoke vitanda vya wodi hii vinaogeshwa kama watoto wa jirani. Nikacheka. Kisha akasema, bila kuinua kichwa, kwamba yeye ile habari ya kitanda namba tisa hajawahi kuiamini hata siku moja.

Nikaacha kucheka. Nilimwuliza habari gani. Akanieleza kama mtu anayeeleza jambo ambalo kila mtu analijua. Kwamba siku ile Sista wa zamu alipouliza nani kasimamisha mto juu ya godoro bovu, wewe ulisema ni wewe, ulikuwa na haraka. Kwamba ulilirudia mbele ya Metroni, na mbele ya kamati, kwa maneno yaleyale. Shangazi, mimi sikulijua hilo. Miaka minne yote nilidhani hakuna aliyeuliza, nilidhani walikulaumu tu kwa sababu kitanda kilikuwa chako. Nyumbani mlisema umechoka na mgongo, unakwenda kumtunza Bibi. Nami niliyashika maneno hayo kwa mikono miwili kwa sababu yalinifaa.

Mama Ndoo akaendelea. Alisema siku ile alikuwa anapiga deki mlangoni na aliuona ule mto kwa macho yake. Wewe mto wako ukiusimamisha, mdomo wa foronya unautazamisha ukutani, vumbi la mlangoni lisiingie. Ule ulikuwa umetazama mlangoni, wazi, kama mtu anayepiga miayo. "Shangazi yako asingeweka mto vile hata akiwa usingizini," akasema. "Alipoingia na kuuona alijua pale pale kwamba si wake. Sasa kwa nini aseme ni wake, hilo ndilo sijalipata." Akanyoosha mkono kuchukua mto niliokuwa nimemaliza kuuvisha na kuusimamisha juu ya rafu. Mdomo wa foronya ulikuwa unatutazama sisi. Aliutazama. Akanitazama. Akaugeuza taratibu kuelekea ukutani, akaendelea kuhesabu foronya zake, na mpaka tunaondoka hakunitania tena.

Ni mimi, Shangazi. Mto wa kitanda namba tisa niliusimamisha mimi.

Nilikuwa darasa la tano. Unakumbuka Mwalimu Nukta, yule mama aliyekuwa mwalimu wetu wa darasa, tuliyemwita hivyo kwa sababu alikuwa hasomi insha isiyo na nukta. Alikuwa ameanguka ngazini akitundika ramani, mguu ukavunjika, wakamfanyia upasuaji na kumtia vyuma. Siku hiyo nilipofika nilimkuta kwenye ushoroba, juu ya toroli, mguu umefungwa mpaka juu ya goti, anangoja kitanda. Midomo ilikuwa imekauka. Aliponiona alijaribu kutabasamu kama alivyokuwa akitabasamu darasani, akashindwa. Akaniuliza, kwa sauti ndogo, kama kitanda chake bado tu.

Nilikwenda kuangalia. Namba tisa kilikuwa kitupu, kimelowa dawa, mto umelala. Yule mgonjwa wa kidonda cha usaha alikuwa ametoka asubuhi. Wewe hukuwapo. Baadaye nilijua ulikuwa umekwenda stoo, upande wa pili wa uwanja, na mwenye stoo alikuwa ameondoka na ufunguo. Nilisimama kwenye mstari wangu wa vigae. Nilitazama saa ya ukutani, nikahesabu dakika kumi nzima. Hukurudi. Mwalimu akaniuliza tena. Ndipo nikatoka kwenye mstari.

Nilikausha godoro kwa kitambaa safi. Nilitandika shuka, nikakunja pembe kama ulivyokunja wewe. Nikasimamisha mto. Nilikuwa najivunia, Shangazi, huo ndio ukweli. Niliona nimefanya kazi ya mtu mzima. Nikarudi chumba cha mashuka nikafungua daftari. Nilisikia Sista akichungulia, nikasikia magurudumu ya toroli, nikasikia Mwalimu akishushwa na kuvuta pumzi ndefu ya mtu aliyepata mahali pa kulala. Wakamchoma sindano ya maumivu, akasinzia.

Kisha ukarudi, umebeba godoro jipya kichwani. Sikuona uso wako, nilisikia tu hatua zikisimama. Nilisikia Sista akisema mgonjwa amelala na mguu wake hauwezi kusogezwa tena leo. Ulipokuja kunichukua hukuniuliza shule wamenifundisha nini. Ulisema, "Chukua mkoba, mwanangu, twende." Ulinishika mkono njia nzima mpaka nyumbani, mimi msichana wa miaka kumi na mmoja, na nilikuwa naona aibu watu wakituona. Kesho yake ukasema nimeshakuwa mkubwa, nisije tena wodini, nikae nyumbani nisome. Nilikununia wiki nzima. Siku ya sita Mwalimu akapata homa, kidonda kikafumuka. Daktari alisema hakuna anayeweza kuapa vijidudu vilitoka wapi, lakini kosa la kitanda lilikuwa limeshaandikwa.

Baada ya yale ya Mama Ndoo sikula vizuri siku mbili. Mama alinipima homa kwa mgongo wa mkono na kusema sina kitu. Jumanne nilikwenda kwa Mwalimu Nukta. Anakaa barabara ileile, nyumba ya kona. Bado anafundisha, ila anafundishia kitini, na fimbo yake huning'inizwa kwenye ubao. Nilimkuta anasahihisha madaftari, mguu juu ya stuli. Nilimwambia nikiwa nimesimama, nikachanganya mambo, nikaanza na mto kabla ya toroli. Akanikatiza. Alisema nikae, nianze upya, na nisimwage yote kwa pamoja. Nikaanza upya.

Nilipomaliza alifunika kalamu yake. Hakuwa mkali, na ningependa angekuwa. Alisema ulikwenda kumwona mara tatu alipokuwa amelazwa, na chupa ya chai, na mara tatu aligeukia ukutani mpaka ukaondoka. Alisema hata ulipohama alisikia akasema afadhali. Halafu akasema: "Siwezi kukuambia si kitu, maana ni kitu. Kila asubuhi nakivaa pamoja na kiatu. Lakini miaka minne nimemchukia mtu ambaye hakunikosea, na hilo ni langu, si lako." Kuhusu mimi alisema hajui bado, atafikiri, nisimharakishe. Kisha akaniomba nimwingizie madaftari ndani kwa sababu mawingu yalikuwa yanajikusanya. Nilimwingizia yote, safari mbili.

Alhamisi alikuja mwenyewe langoni mwa shule, na fimbo yake, tukaenda kwa Metroni. Sikumwomba. Metroni anastaafu mwisho wa mwezi huu na ofisi yake imejaa maboksi. Ilibidi tuondoe majalada kwenye kiti ili Mwalimu apate pa kukaa. Nikasema tena, safari hii kwa mpangilio. Metroni alifungua kabati akatoa jalada lako. Hakunipa nisome, lakini alisema lina kurasa nyingi za sifa na mwishoni lina neno moja, uzembe, na neno hilo ndilo analoulizwa kila hospitali ya huko kwenu inapomwandikia. Shangazi, nilimsikia Baba akimwambia Mama kwamba wamekukataa mara mbili na sasa unafua nguo za watu. Walidhani nimelala.

Nilimwambia Metroni alifute basi, kwa sababu sasa anajua. Akatikisa kichwa. Alisema hivi, na ninayaandika kama alivyoyasema: "Mtoto hawezi kufuta maneno ya mtu mzima. Shangazi yako alisimama hapo hapo uliposimama wewe, nikamwuliza mara tatu, mara tatu akasema ni yeye. Nilimwona anadanganya, ila sikuona anamdanganyia nani. Aje mwenyewe aniambie kweli, nitaandika kwa mkono wangu kabla sijaondoka." Alisema pia kwamba wakubwa wamekubali apatikane mtu wa kuwafundisha wafanyakazi wapya kazi ya vitanda, na kwamba yeye ana jina moja tu la kuwapa, lakini hawezi kulipeleka likiwa na neno lile pembeni yake. Baada yake atakuja Metroni mwingine, mgeni, na mgeni atasoma kilichoandikwa.

Mama na Baba nao wanajua. Nilipowaambia, Mama alikaa kwenye cherehani bila kushona. Baba alitoka nje, akarudi, akasema yeye ndiye aliyekupeleka stendi siku ile unaondoka, na ulimwambia anitunze nisome. Jioni aliosha vyombo bila kuombwa.

Sasa limebaki moja. Hili sijamwambia Mwalimu, wala Metroni, wala Mama. Kwao nilisema nilidhani kitanda kiko tayari, kwamba dakika kumi zilikuwa zimetimia na nikafikiri umekwenda kuleta mashuka tu. Walinihurumia kwa hilo, nikakubali kuhurumiwa. Si kweli. Nilipokuwa nakausha godoro nililiona duara. Lilikuwa karibu na mahali pa miguu, wino haujakauka vizuri, na katikati yake tundu dogo kama punje ya dengu. Nilijua maana yake. Nilikuwa nimekuona ukichora maduara kama hayo mara tano au sita. Nilijiambia tundu ni dogo, Mwalimu anaumia, na wewe ukirudi utasema nimefanya vizuri. Nikavuta shuka juu yake. Nilipokuwa nakunja pembe nilikunja upande ule kwanza.

Kwa hiyo hukunikinga na kosa la mtoto asiyejua, Shangazi. Nilijua. Nimefikiri sana kama wewe uliliona hilo pia, ulipoinua shuka kesho yake na kukuta duara lako limefutika nusu kwa kitambaa changu. Nadhani uliliona. Na bado hukuniambia neno, ukapanda basi.

Jumamosi hii nitamwambia Metroni habari ya duara, na nikitoka hapo nitapita kwa Mwalimu. Nimeogopa, lakini nimeshaogopa miaka minne na haijanisaidia. Chumba changu kina nafasi ya kitanda cha pili. Mama amepima leo asubuhi kwa futi yake ya cherehani. Bibi naye aje, Baba amesema, miwani avae asivae.

Baba na Mama wanakusalimu sana. Mama Ndoo anakusalimu na anasema ndoo yako ya bluu ameifungia stoo, hajampa mtu. Mwalimu Nukta ameniambia nikuandikie kwamba anaomba nafasi ya kukusalimu uso kwa uso. Mimi nakusalimu kwa heshima na kwa mapenzi ambayo sijui kuyaandika vizuri zaidi ya hapa.

Ni mimi mwanao,
binti wa kaka yako.

Mengine yote unaweza kunijibu ukipata nafasi. Hili moja naomba unijibu kwa barua ya kurudi, kwa sababu mwezi unakwisha: Metroni akikuuliza mara ya nne ni nani aliyesimamisha ule mto, utamjibu nini?